Bahari Iliondoka Maharage Yakiwa Motoni

Kila Jumapili misa ikiisha mnanizunguka nje ya kanisa, mnataka niwasimulie tena habari za bahari. Mmoja anataka sehemu ya mamba, na mamba hakuwako. Mwingine anataka nionyeshe jinsi nilivyopiga kafi, nami nimevaa kitenge changu cha misa. Mama Kanyere naye amekwisha kutangaza mtaa mzima kwamba nilivuka mpaka Uhindi. Basi nimekaa chini, nimeandika yote mara moja. Msomeane, kisha mniache nisalimie watu kwa amani.

Mambo ya karatasi, mihuri na foleni za mpakani nayaruka. Sijaona mtu aliyeburudika kwa habari ya muhuri. Mnachotaka kujua ni kwamba mimi, mwanamke wa Masereka, wa miaka hamsini na mitatu, nisiyejua kuogelea hata kwenye beseni, nimezunguka visiwa vya bahari kwa kayaki na nimerudi na meno yangu yote. Nitajisifu kidogo. Mwenye wivu aruke mistari.

Butembo hadi Beni

Nilitumwa kumrudisha Masika, mzaliwa wetu wa kwanza. Miaka minne iliyopita alikwenda Mombasa kufuatilia mizigo ya mjomba wake bandarini. Mizigo ikaja, yeye akabaki. Akatuandikia kwamba anajifunza kazi ya kuongoza wageni baharini kwa kayaki, yaani kamtumbwi kembamba ka plastiki: unakaa ndani miguu mbele, unapiga maji kwa kafi lenye mabapa mawili, moja kila upande. Baba yake aliusoma ujumbe ule mara tatu. Halafu akamtafutia nafasi katika ofisi ya ushirika mmoja wa kahawa hapa Butembo: meza yake, kiti chake, na dirisha linalotazama barabara. Nafasi ingemngoja mpaka mwisho wa mwezi.

“Hapana kurudia weye peke,” Papa Masika aliniambia. “Urudie naye.”

Na mimi niliitaka meza ile kuliko yeye. Mnanijua. Nimekulia kwenye milima ya Masereka, na tangu miaka minane nilibeba viazi mgongoni, kamba pana ikipita juu ya paji la uso, kichwa kimeinama, macho yakitazama visigino vya aliye mbele. Ukipitisha kidole hapa juu, penye nywele, utakuta mfereji. Masika alipozaliwa niliapa kwamba kamba hiyo haitagusa paji lake. Ndiyo maana alisoma, na ndiyo maana mimi niliendelea kubeba hadi siku aliyopata diploma. Halafu mtoto huyohuyo aje kusukuma wazungu majini kwa mikono yake? Roho yangu ilikataa.

Nilifika Beni na sweta langu la Butembo, jasho linanitoka, kakao imeanikwa kando ya barabara na harufu yake inaingia mpaka kwenye mkoba. Hadija alikuwa ananingoja. Tuliuza vitenge pamoja sokoni Butembo, meza kwa meza, kabla hajaolewa na msafirishaji wa Beni. Tangu wakati huo Idi nakula kwake na Noeli anakula kwangu. Lori la mumewe ndilo lingetufikisha Kasindi, mpakani, naye akaamua kuja mpaka mwisho wa safari. Alisema pwani ni kwa Waislamu wenzake, kwa hiyo nitahitaji mtu wa kuniongoza.

Tulikaa Beni siku mbili. Siku ya kwanza msafara wa magari yanayolindwa na askari haukuondoka. Siku ya pili uliondoka bila sisi, kwa kuwa dereva alikuwa amekwenda kunyolewa. Hadija alitumia muda huo kuusema mzigo wangu wa viazi.

“Ma Masika, hii gunia ya birayi unapelekea nani? Kule ku bahari batu banakula samaki.”

“Samaki haishibishake mutu,” nilimjibu. “Na maharagi pia iko ndani, kama unataka kujua yote.”

Siku ya tatu tukaondoka. Kwenye kizuizi askari kijana alifungua gunia, akaviona viazi, akashangaa. “Mama, ozokende wapi na birayi yote hii?”

“Ku bahari.”

“Bahari gani?”

“Ile ya chumvi.”

Akaita wenzake waje kuniona. Walitupisha wakicheka, na mmoja alitupigia saluti.

Kasindi hadi Mombasa

Kutoka Kasindi ni basi juu ya basi. Miguu ilivimba mpaka viatu vikanikataa. Kati ya Kampala na Nairobi kiti cha jirani kilikaliwa na bwana mmoja mwenye kofia ya sufu, mpole sana, aliyetuuliza tumetoka wapi. Tulipomwambia Kongo, uso wake ukang'aa.

“Basi tuimbieni kidogo,” akasema.

Tulidhani anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa amekwisha kuwaambia watu wa nyuma kwamba kuna Wakongo ndani ya basi, na watu wanne walikuwa wamegeuka kutungoja.

“Papa,” Hadija akamwambia taratibu, “siye tuko Banande. Kuimba ni kazi ya Kinshasa. Siye tunauzishaka.”

Bwana yule alifikiri, halafu akauliza tunauza nini. Kabla ya Nairobi Hadija alikuwa amemuuzia kitenge alichokuwa amejifunga begani. Nawaambia haya ili mjue nilisafiri na mtu wa namna gani.

Uani kwa Bi Zuhura

Kijiji kiko kusini ya Mombasa, karibu kabisa na mpaka wa Tanzania. Tulifika jioni. Tangu ule mwaka wa Ebola siwezi kuingia kwa mtu bila kutafuta ndoo ya kunawa mikono, basi nikasimama mlangoni nikigeuza macho huku na huku. Mwanamke mrefu aliyejitanda kanga akanishika mkono kwa huruma, akanipeleka moja kwa moja chooni. Huyo ndiye Bi Zuhura, mwenye kayaki, aliyemfundisha Masika. Sikutaka kumwaibisha, kwa hiyo nilikaa humo kidogo, kisha nikatoka nikashukuru.

Hadija akaona zamu yake imefika. “Salamu aleko,” akasema kwa sauti ya mwenyeji. “Siye tuko batu ya Beni. Tunakuya kuona mutoto.”

Watoto waliokuwa uani walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Bi Zuhura akawakemea: “Msicheke wageni!” Kisha akajiziba mdomo kwa kanga, na mabega yake yakawa yanatikisika. Hadija hakuzungumza mpaka wali wa nazi ulipoletwa.

Masika alitoka upande wa maji. Nilimwona mikono kwanza: mabega mapana, viganja vigumu kama vyangu vya zamani. Alinikumbatia akaninyanyua kutoka chini, mimi na uzito wangu wote. Nilifurahi na nilikasirika kwa pamoja.

Baada ya chakula Bi Zuhura alinieleza jambo lililokuwa mbele yetu. “Mwanao ni hodari, sikufichi. Ila kuongoza ni kazi nyingine. Kesho atatwaa watu wawili wasiojua kushika kafi, awazungushe visiwani siku tatu. Siku ya tatu, kabla ya adhana ya adhuhuri, nataka kumwona hapa gatini na kayaki zote mbili zikiwa nzima, maana wageni wake wa kwanza watakuwa wamefika. Akifanikiwa, ndiye kiongozi wangu. Akiita boti ya mashine ije kumvuta, kazi nampa mwingine.”

Wanafunzi wawili waliokuwa wamekubali kwenda walikuwa wamejitoa siku hiyohiyo: mmoja alishikwa na homa, mwingine alikatazwa na mama yake. Masika akanigeukia.

“Mama, weye na Mama Hadija, munaweza?”

Nitasema ukweli, na padri amekwisha kuusikia. Nilikubali haraka kwa sababu nilijua atashindwa. Mama mzito wa milimani, mwoga wa maji, na rafiki yake aliye vilevile! Angeita boti siku ya kwanza, na kufikia Jumapili tungekuwa ndani ya basi la kurudi, sisi watatu. Nikamwambia, “Tunaweza, mutoto yangu,” na nikambusu.

Siku ya kwanza: kuzunguka mahali pamoja

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mimi sikuvua, nilivalishwa: jaketi jekundu la kuelea, limekazwa mpaka kifua kikanifikia kidevuni. Mimi na Hadija tulipewa kayaki ya watu wawili, yeye mbele, mimi nyuma. Masika alikuwa peke yake katika ndogo. Vyakula vyetu vilijaa katika matumbo ya kayaki, viazi vikiwemo, kwa kuwa nilikataa kuviacha.

Nusu saa ya kwanza tulizunguka mahali pamoja kama mbuzi aliyefungwa kwenye kijiti. Hadija alipiga kulia, mimi kulia, tukageuka. Tukabadilisha kwa pamoja, tukageuka upande wa pili. Watu walikuwa wamejaa gatini. Masika alitusogelea bila haraka hata kidogo.

“Mama, hapana kupigana na maji. Ni kama kulima. Nguvu haitoke ku mikono, inatoka ku kiuno.”

Kulima? Kwa nini hawakusema tangu mwanzo? Nilikaza kiuno kama mtu anayevunja shamba jipya, nikamwambia Hadija afuate mwendo wangu, na kayaki ikanyooka. Ikaenda. Nilihisi maji yakipita chini ya makalio yangu, na wamama, sijawahi kuhisi kitu kama kile. Tulipofika kisiwa cha kwanza nilikuwa naimba, mimi niliyekataa kuimba ndani ya basi.

Tulilala kwa jamaa mmoja wa wavuvi. Walitukaribisha samaki aina ya changu, wa kuchoma, na wali, mimi nikachemsha viazi vya Masereka. Mzee wa nyumba alikula kimoja kwa adabu. Halafu akala vinane. Nikamtazama Hadija, Hadija akatazama bahari.

Siku ya pili: ndani ya mikoko

Mikoko ni miti inayosimama baharini kwa miguu mingi, kama wanawake waliopandisha nguo zisilowe. Katikati yake maji yanapita kwenye njia nyembamba, kimya, kijani juu na kijani chini. Kaa wadogo wenye mkono mmoja mkubwa wanapanda mizizi na kukupungia. Masika alitupitisha humo saa nzima bila kuuliza njia, na kila tulipokutana na watu walimsalimia.

“Nahodha Masika!”

“Nahodha, hawa ni nani?”

“Ni mama zangu,” alijibu.

Mwanamke aliyekuwa akitafuta pweza kwenye mawe alitutupia mmoja ndani ya kayaki, zawadi kwa mama wa nahodha. Pweza alitua mapajani kwa Hadija. Mayowe yake yalisikika Tanzania.

Mchana, tukiwa kati ya visiwa viwili, upepo ulikuja na mvua, na mawimbi yakaanza kuingia pembeni. Nikajua ndipo nitakapofia, mbali na Butembo, nimelowa, na viazi vyangu vikiwa chini yangu. Masika alileta kayaki yake ubavuni mwa yetu, akalaza kafi lake juu ya zote mbili, akatushika kwa mkono mmoja.

“Munitazame miye. Hapana kutazama mawimbi. Ma Hadija, unihesabie mutu kumi ya Beni, na jina ya baba yao.”

Hadija akahesabu. Alipofika mtu wa tisa upepo ulikuwa umepita. Yule mtoto hakuwa ameinua sauti hata mara moja. Ndani yangu jambo fulani lilihama mahali pake, na sikupendezwa nalo.

Jioni, kwenye kisiwa cha pili, nilimweleza habari ya ofisi: meza, kiti, dirisha. Alisikiliza yote huku akimpara samaki magamba.

“Papa alitafuta muzuri,” akasema. “Mama, unipatie mpaka kesho saa sita. Nikishindwa, tutarudia wote. Sitabishana.”

Nilikuwa nimepata nilichokifuata. Ajabu ni kwamba sahani yangu nilimsukumia Hadija.

Siku ya tatu: maharage

Tuliondoka alfajiri. Saa moja asubuhi tulisimama kwenye kihori, mkono mdogo wa bahari ndani ya mikoko, kwenye kisiwa cha mwisho. Masika alitakiwa kupanda kijijini kuteka maji ya kunywa, kwa kuwa yetu yalikuwa yamekwisha. Kabla ya kwenda alinionyesha kayaki.

“Maji itakuwa inaenda. Ikienda, usukume kayaki zifuate. Kila mara, Mama. Miye nachelewa kidogo tu.”

Nilimsikia vizuri. Lakini mto wa kwetu maji yake yanapungua kwa mwezi mzima wa kiangazi, na yale niliyokuwa nimeona siku mbili hizo gatini na visiwani yalikuwa ni kushuka ngazi moja au mbili. Nikaona mtoto anatia chumvi. Nikazivuta kayaki juu kabisa, nikazifunga kwenye mizizi kwa mafundo matatu, kama anavyofanya mtu yeyote mwenye akili akiwa ugenini. Kisha nikawasha moto. Maharage niliyatoa Butembo, nilikuwa nimeyaloweka tangu jana, maji ya kulowekea yakawa ya kuchemshia, na safari ilikuwa inaisha bila mtu kuonja.

Hadija alisali, halafu akajinyoosha akalala. Mimi niligeuzia bahari mgongo, nikawa nachochea. Mara moja niliangalia nyuma nikaona maji yamesogea kidogo. Nikasema moyoni, yakichemka tu nitasukuma. Ninyi mnajua: maharage yaliyoanza kuchemka hayaachwi. Hakuna mwanamke wa kwetu anayeacha.

Kumbe kijijini Masika alikuwa ameshikwa. Bibi wa kisimani alikataa kumpa maji kabla hajanywa chai. Aliporudi na kidumu begani ilikuwa saa mbili imepita.

“Mama. Maji iko wapi?”

Niligeuka. Bahari haikuwako. Palikuwa na tope jeusi linalometameta, kisha mchanga, kisha mchanga tena, na mbali kabisa mstari mwembamba wa buluu. Kayaki zetu zilikuwa zimelala kwenye mizizi, mafundo matatu yamekaza vizuri.

“Nilikuambia usukume,” alisema polepole.

“Maharagi ilikuwa bado kuiva.”

Alikitua kidumu. Alinitazama, na macho yake yalijaa maji ila hayakumwagika. “Hapa maji itarudia saa nane. Bi Zuhura ananingoja saa sita. Mama, uniambie kweli. Ulifanya kusudi?”

Hapo ndipo nilipolipia hila yangu. Ningeweza kuapa kwamba hapana, na ningekuwa nasema kweli, lakini si kweli yote.

“Juzi niliomba ushindwe,” nikamwambia. “Niliomba kabisa. Lelo hapana. Lelo ni maharagi tu.”

Alitoa simu kwenye mfuko wa plastiki, akaikamata bila kuibonyeza. Boti ya mashine ingezunguka kwa upande wa kina kirefu ikatufikia kabla ya saa nne. Aliitazama ile simu jinsi mtu anavyotazama dawa chungu.

“Hii tope iko na kina gani?” nikauliza.

“Hatua makumi mbili, mpaka magoti. Kisha ni muchanga ya nguvu mpaka ku maji.”

Nilikadiria kwa macho. Ni kama kutoka kanisani kwetu mpaka sokoni. Nimebeba mbali zaidi, kwenye mteremko, na mvua.

“Basi tubebe.”

“Mama, hii kubwa ni karibu kilo makumi ine. Na ni ndefu. Tukikokota, mawe itaitoboa.”

“Nani amesema kukokota?”

Nilimwamsha Hadija, nikamvua kitenge cha pili. Nilikikunja mara nne kikawa mkanda, nikakifunga kwenye kayaki kubwa pale katikati, pande zote mbili. Niliiegemeza kwenye mzizi, nikageuka, nikakaa chini ya mzigo, nikaweka mkanda juu ya paji. Shingo ilikumbuka yenyewe. Nilisimama. Kayaki ilikaa kwa upana mgongoni, ncha moja kulia, nyingine kushoto, kama mbao zinazotoka msituni.

Masika alikuwa amejaribu kutwika ile ndogo begani. Ilimponyoka. Akajaribu tena, upepo ukaigeuza, ikamwangusha kwenye tope. Nilijua kwamba nikipeleka kubwa na kurudi kuchukua ndogo, saa sita itatupita. Yeye pia alijua. Akajifuta tope usoni, akaja mbele yangu.

“Unionyeshe,” akasema.

Wamama, nilitua mzigo. Nilivua kitenge changu mwenyewe, nikabaki na sketi ya ndani mbele ya kaa wote wa bahari ile, nikakikunja mara nne. Nilikifunga kwenye kayaki ndogo. Nilimweka mwanangu chini yake, nikampapasa uso kutafuta mahali panapofaa, si juu sana, si kwenye nyusi. Niliuweka mkanda pale kwa mikono yangu hii, mahali nilipoapa usikae kamwe. Nililia, sina haja ya kuficha.

“Inaumiza, Mama.”

“Eeh, inaumiza. Utazame visigino yangu. Hapana kutazama maji.”

Tukaenda. Tope lilinishika magoti, nikalitoka. Mchanga ulikuwa mgumu, umejaa madimbwi na wale wadudu weusi wa miiba, kwa hiyo nilichagua njia kwa hatua fupifupi, naye alikanyaga pale nilipokanyaga. Nyuma alikuja Hadija, mabaki ya vyakula vyetu mgongoni, makafi begani na sufuria ya maharage kichwani, maana sikukubali yamwagwe. Kulikuwa na wanawake wanaokusanya kome. Walipotuona walianza kucheka. Tulipowapita walikuwa wamenyamaza, na mmoja alikuja akachukua kidumu cha maji mkononi mwa Hadija, akatusindikiza nacho.

Mara tatu nilisikia pumzi ya Masika ikikatika nyuma yangu. Mara tatu nilipunguza mwendo, nikasikia hatua zake zikija. Hakutua. Nilizaa mtoto ambaye hakutua.

Kutoka ufukoni mpaka gatini tulipiga kafi saa moja na zaidi, na sijui hata leo nguvu ile ilitoka wapi. Maharage yaliiva yenyewe ndani ya sufuria iliyofunikwa. Tulikula kwa mikono, kwa zamu, tukiendelea kwenda.

Gatini

Wageni walikuwa wamekwisha kufika, baba, mama na binti wawili, wamekaa kivulini kando ya kayaki nyingine zilizowangoja. Bi Zuhura alikuwa amesimama ukingoni. Muadhini alianza kusafisha koo kwenye kipaza sauti wakati pua ya kayaki yetu ilipogusa ngazi.

“Umeita boti?”

“Sikuita.”

Bi Zuhura alimtazama. Katikati ya paji la Masika palikuwa na mstari mwekundu, mpana kama vidole viwili. “Na hii?”

“Niliacha vyombo kwa mgeni, maji yakatoka,” Masika akajibu kwa Kiswahili cha pwani. “Tumebeba mpaka mkondoni. Kosa ni langu.”

Hakutaja maharage. Nikafungua mdomo. “Bi Zuhura, kosa ni yangu miye, nilikuwa napika...”

Akaninyamazisha kwa kiganja. “Kosa la mgeni ni la kiongozi. Kajibu sawa.” Halafu akanigeukia vizuri, akashusha sauti. “Kazi ni yake. Lakini simwajiri mtoto wa watu na hali mamake kanuna. Niambie, dada yangu. Umekuja kumchukua?”

Masika alijifanya hasikii. Alikuwa amekwisha kupiga magoti kumfungia binti mdogo jaketi, anamwonyesha pa kushika. Mafundo aliyafunga sawasawa.

“Nilikuja kumuona,” nilisema. “Nimemuona.”

Aliondoka na wageni wake saa ileile. Hakula, hakubadilisha nguo. Nilisimama gatini na Hadija mpaka kayaki zilipoingia kwenye mikoko.

Nyumbani

Safari ya kurudi haina hadithi. Nililala nchi tatu. Beni nilimwacha Hadija akiwasimulia watu wa nyumbani kwake jinsi alivyobeba kayaki mbili. Papa Masika alikuwa amesimama mbele ya lango la parsela yetu na koti lake la Jumapili. Nilishuka kwenye teksi. Alitazama nyuma yangu, akangoja mlango wa pili ufunguke.

“Masika iko wapi?”

“Iko ku kazi,” nilimjibu.

Alibeba mkoba wangu ndani. Nilimsimulia yote niliyowasimulia ninyi, hata sala yangu mbaya, hata mkanda. Alikula, akaenda kulala. Asubuhi alivaa lile koti tena, akatoka mapema, akarudi kabla chai haijapoa.

“Ulienda wapi?”

“Ku ushirika. Nimesema ile meza bapatie mungine.” Alivuta kiti, akakaa, akamimina chai yake. “Nimebaambia mutoto yetu iko na kazi.”